Majengo ya Elimu ya Juu Jirani na Manzese: Historia na Mafunzo Yake

Utangulizi

Msafiri anayetoka Manzese kwa Barabara ya Morogoro, akafika Ubungo na kukunja kulia kuifuata Barabara ya Sam Nujoma, hukikuta baada ya mwendo mfupi kilima ambacho watu wa jiji hukiita Mlimani. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya mji, na jirani yake kabisa kipo Chuo Kikuu Ardhi. Upande wa Mabibo, hatua chache kutoka Manzese yenyewe, ziko hosteli za wanafunzi wa Mlimani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Hivyo Manzese ni mtaa uliozungukwa na vyuo.

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika, sura inayohusu majengo ya vyuo yaweza kuonekana ngeni. Lakini vijana wa mitaa hii wamesoma katika majengo hayo, na mafundi waashi, maseremala na wachanganya zege wa jiji hili wameishi katika mitaa kama hii. Tena Kanisa lenyewe limekuwa mjenzi wa vyuo. Chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini hapa Dar es Salaam kilianza mwaka 2003, katika eneo la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Anayejenga hana budi kujifunza kwa waliomtangulia kujenga.

Funzo kuu la historia hii laweza kusemwa kwa maneno machache. Gharama ya jengo haiishi siku ya kukata utepe. Siku hiyo ndipo inapoanza. Jengo linalodumu ni lile lililopatanishwa na jua, upepo na mvua ya mahali lilipo, na ambalo wenye nalo wanaweza kulitunza kwa fedha na mikono yao wenyewe.

Waliotangulia kujenga

Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kanisa la Azania Front lilianza kujengwa mwaka 1898 na kuwekwa wakfu mwaka 1902. Mara nyingi husifiwa kwa mnara wake na umbo lake la Kijerumani, lakini fundi huona jambo jingine. Juu ya madirisha yake vimewekwa vipaa vidogo vya vigae, vinavyozuia jua kali na mvua ya kusukumwa na upepo wa baharini. Waliolijenga walitoka nchi ya baridi, lakini walikubali kufundishwa na pwani.

Wenyeji wa pwani walikuwa na elimu hiyo tangu zamani. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma, iliuachia upepo njia kutoka mlango wa mbele hadi uani. Paa la makuti lilikinga joto, na upenu wake mrefu ulizilinda kuta za miti na udongo zisipigwe na mvua. Udhaifu wa nyumba hiyo ulijulikana: mchwa, moto, na haja ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Hata hivyo, mwenye nyumba alizijua kasoro hizo na aliweza kuzirekebisha bila kumtafuta mtaalamu kutoka ng'ambo.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam ina desturi zake. Joto si kali kama la jangwani, lakini unyevu ni mwingi, na usiku haupoi sana. Katika nchi kavu kama Dodoma, ukuta mnene hupokea joto la mchana na kupoa usiku. Pwani nafuu ya mwanadamu ni hewa inayotembea na kukausha jasho mwilini. Pepo nazo zina majira yake: kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Jengo ambalo pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini huzipokea pepo hizo mbili, na wakati huohuo huonyesha ubavu mwembamba kwa jua la asubuhi na la jioni, ambalo kwa kuwa liko chini ni gumu kuzuiwa na upenu.

Kutoka Lumumba hadi Mlimani

Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Chuo hakikuwa na jengo lake. Kilianza na Kitivo cha Sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake hawakufika hata ishirini. Ni vema jambo hili likakumbukwa, kwa sababu linaonyesha kwamba taifa changa halikungoja majumba ndipo lianze kufundisha. Lilitumia jengo lililokuwapo. Wataalamu wa leo wa utunzaji wa mazingira wanathibitisha hekima hiyo, kwani kulikarabati jengo la zamani na kulipa kazi mpya huokoa saruji, nondo na mafuta ambayo yangetumika kuanza upya. Mfano huo ulirudiwa mwaka 2005 huko Temeke, pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam kilipoanzishwa mahali pa Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe.

Mwaka 1963 chuo cha Lumumba kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Usanifu wake ulikabidhiwa kampuni ya Uingereza ya Norman & Dawbarn, ambayo ilikwisha kusanifu majengo ya chuo kikuu huko Mona, Jamaica. Jamaica nayo ni nchi ya joto na bahari, na ujuzi wa kule ulifaa huku.

Majengo ya kizazi hicho yalikuwa ya zege, wala hayakuiga nyumba ya makuti, lakini kanuni iliyoyaongoza haikuwa ngeni kwa mtu wa pwani. Katika majengo ya namna hii chumba hakiwekwi pana mno, ili hewa inayoingia upande mmoja itokee upande wa pili. Madirisha ya vipande vya vioo hufunguliwa yote, na matofali ya matundu hupitisha hewa hata mvua inaponyesha. Vibaraza na njia zilizoezekwa humtoa mwanafunzi jengo moja hadi jingine bila kuunguzwa na jua. Miti nayo huachwa isimame, kwa kuwa kivuli chake ni sehemu ya jengo.

Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa la zege la umbo lisilofanana na jingine mjini, umekuwa alama ya chuo hicho, na picha yake iliwahi kuchapwa nyuma ya noti ya shilingi 500. Baadaye, katika miaka ya 1970, msanifu wa Dar es Salaam Anthony Almeida alisanifu kanisa la pamoja la Wakristo chuoni hapo. Lilikuwa jambo la maana kwamba kazi ya Mlimani ilianza kufikiriwa na watu wa mji huu wenyewe.

Vifaa vya ujenzi navyo vilianza kupatikana karibu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kaskazini mwa jiji, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Tangu hapo saruji ikawa lugha ya ujenzi wa Dar es Salaam, katika vyuo na katika nyumba za watu. Faida yake ni dhahiri, ila inayo deni: uzalishaji wa saruji duniani hutoa takribani asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa hiyo kila jengo la zege linalobomolewa kabla ya wakati wake ni hasara mara mbili.

Manzese chini ya kilima

Miaka ileile Mlimani ilipokuwa ikijengwa kwa ramani na wakandarasi, Manzese ilikuwa ikijengwa na watu wenyewe. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiliwavuta wafanyakazi wengi upande huu wa jiji. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka kwa makuti au madebe, na walipopata fedha wakabadili ukuta mmoja baada ya mwingine kuwa wa matofali ya saruji na paa kuwa la mabati.

Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya. Manzese haikubomolewa, bali ilipelekewa barabara, maji na huduma nyingine huku watu wakibaki majumbani mwao. Uamuzi huo wa kuboresha pasipo kubomoa ulikuwa wa hekima, na ndio uliowezesha familia nyingi kudumu hapa kwa vizazi.

Hata hivyo Manzese ilifundisha somo jingine kwa uchungu. Nyumba ya Kiswahili ni njema inapokuwa na nafasi. Majirani walipojenga kwa kukaribiana hadi kuta zikabakiza njia ya mtu mmoja, upepo ulikoma. Mabati bila dari yakageuza chumba kuwa tanuri saa za mchana. Vyoo vya shimo vilijaa masika yanapofika, na maji ya mvua yakabeba uchafu hadi mlangoni. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Manzese kwa sababu hosteli zilijaa aliyajua hayo kuliko mhadhiri wake. Ikadhihirika kwamba jengo jema peke yake halitoshi, na kwamba nafasi kati ya jengo na jengo ni sehemu ya usanifu.

Serikali iliona haja ya utafiti. Kitengo cha Utafiti wa Majengo kilianzishwa mwaka 1971, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Humo yalifanyiwa kazi matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, ambayo hayachomwi kwa kuni. Taasisi ya Ardhi nayo, iliyoundwa mwaka 1972 kutokana na kituo cha mafunzo ya upimaji kilichoanza mwaka 1956, ililea wasanifu na wapangaji miji wa Kitanzania. Ikawa chuo kishiriki cha Mlimani mwaka 1996, na chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Miaka ya uhaba

Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, uchumi wa nchi ulidhoofika, na taasisi za umma zikakosa fedha za matengenezo. Majengo ya Mlimani hayakunusurika. Paa lililovuja halikuzibwa kwa wakati, mabomba yalioza, na kipande cha kioo kilichovunjika kiliachwa wazi. Katika miaka ya 1990 chuo kilianza mpango wa mageuzi, na ukarabati wa majengo ukawa miongoni mwa mahitaji yake.

Miaka hiyo ilikuwa mtihani kwa usanifu wenyewe. Umeme ulipokatika, darasa lenye madirisha pande mbili liliendelea kutumika. Lililotegemea mashine lilisimama. Mtihani huo ulirudi katika mgawo mkubwa wa umeme wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011, pale nchi nzima ilipofahamu gharama ya kufanya kazi katika vyumba visivyopitisha hewa. Kwa upande mwingine, hakuna usanifu ulioweza kuchukua mahali pa utunzaji. Dirisha zuri lililovunjika bawaba na kupigiliwa misumari halina tofauti na ukuta.

Kazi isiyoonekana

Kuna sehemu ya Mlimani ambayo wageni hawapelekwi kuitazama, nayo ni mabwawa ya majitaka. Mfumo wa namna hii hauhitaji mitambo mikubwa. Majitaka hupita kwa mteremko kutoka bwawa moja hadi jingine. Uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na vijidudu. Mwani hutoa hewa ya oksijeni kwa nguvu ya jua, na mwanga wenyewe huua sehemu kubwa ya vimelea vya maradhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa chuo hicho waliongeza vitalu vya changarawe vilivyopandwa matete, ili mizizi na changarawe visaidie kuyachuja zaidi maji yanayotoka mabwawani.

Kwa jirani wa Manzese, ambaye masika humkuta akipambana na shimo lililofurika, elimu hiyo ina thamani kuliko jengo lolote la kioo. Yaonyesha kwamba chuo chaweza kuwa shule hata kwa jinsi kinavyoondoa uchafu wake.

Maji ya mvua nayo ni hazina. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita zaidi ya 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 1,000 hupokea kwa mvua hiyo lita 1,000,000; zikipotea asilimia 20, zinabaki lita 800,000. Chuo chenye mifereji mizima ya paa na tangi kubwa kingeweza kutumia maji hayo kwa vyoo, usafi na bustani. Kisichokuwa navyo huyaacha yaporomoke mlimani na kuwafikia walio chini.

Majengo ya karne hii

Wanafunzi waliongezeka, na haja ya majengo ikaongezeka. Mwezi Aprili 2017 zilizinduliwa Mlimani hosteli mpya za majengo 20, kwa ajili ya wanafunzi 3,840, zilizojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa gharama iliyotangazwa kuwa shilingi bilioni 10. Mwezi Novemba 2018 ilizinduliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja. Yote mawili yalijibu haja ya kweli, kwani mwanafunzi asiye na kitanda wala kiti cha kusomea hawezi kufarijiwa kwa nadharia za usanifu.

Tukigawa gharama ya hosteli hizo kwa idadi ya wanafunzi, kila kitanda kiligharimu takribani shilingi milioni 2.6. Hesabu hiyo huzungumzwa siku ya uzinduzi. Ile isiyozungumzwa ni ya miaka hamsini inayofuata: rangi, mabomba, paa, maji, umeme, na mishahara ya mafundi. Jengo kubwa la msaada nalo huja na bili ambayo mfadhili haachi fedha za kuilipa. Ndiyo maana bajeti ya matengenezo yapasa kupitishwa pamoja na ramani.

Katika miaka hii pia yameenea mjini majengo yenye kuta za kioo na madirisha ya alumini yanayofunguka nusu au yasiyofunguka kabisa. Kioo kinachotazama magharibi hupokea jua la jioni lote, kisha viyoyozi huendeshwa kuliondoa joto lilelile lililokaribishwa ndani. Kwa macho ya wengi hayo ndiyo maendeleo. Kwa mkono wa mlipa bili hali ni tofauti.

Majirani wetu wametoa mifano ya njia nyingine. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi, tangu mwaka 2014, huzalisha umeme wa jua kwa mitambo ya kilowati 600 iliyofungwa juu ya mapaa yake. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, alisanifu kituo cha mafunzo ya teknolojia kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu, iliyochukua mfano wa vichuguu vya mchwa wa nchi ile, hutoa hewa ya moto juu huku hewa iliyo baridi zaidi ikiingia chini. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, inayoheshimiwa kuliko zote katika usanifu majengo, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Aliyoyafanya yanakumbusha yale ambayo mjenzi wa nyumba ya ukumbi na ua aliyajua.

Hitimisho

Historia hii inaziachia kamati za ujenzi, za vyuo na za sharika, maswali yasiyo magumu kuulizwa. Je, pande ndefu za jengo zinatazama wapi? Umeme ukikatika saa nane mchana, watu mia mbili wataweza kubaki ndani? Maji ya paa yataelekea wapi, na majitaka je? Je, kuna jengo la zamani liwezalo kukarabatiwa? Kitakachoharibika, fundi wa Manzese ataweza kukitengeneza, au kitangoja kipuri kutoka ng'ambo? Na ni nani, kwa fedha ipi, atakayepanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika?

Injili inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, naye huketi kwanza akahesabu gharama. Kwa kawaida mfano huo huhubiriwa kuhusu gharama ya kumaliza. Nusu karne na zaidi ya majengo ya Mlimani inaonyesha kwamba hesabu hiyo yapaswa kuendelea baada ya mnara kumalizika. Walioanza Lumumba bila jengo walifundisha. Waliojenga Mlimani kwa kuufuata upepo waliwaachia wajukuu vyumba ambavyo bado vyaweza kutumika. Kizazi cha sasa kitakumbukwa kwa jinsi kitakavyoyatunza yaliyopokelewa, na kwa jinsi majengo yake mapya yatakavyokuwa baraka, wala si mzigo, kwa watakaoadhimisha miaka mia inayofuata.